Kanisa la Mlango Mmoja

Njuga ya mama yangu ililia upande wa zizi la kondoo, na palepale fundi mkuu wa kanisa letu jipya akajitupa ndani ya pipa la maji.

"Ana nini huyu?" Padri Anselm akauliza. Alikuwa mgeni, katoka Ohio, bado anapaka mafuta puani asiungue na jua.

"Mkwe wake anakuja."

"Wamegombana?"

"Hapana, Padri. Wanaheshimiana."

Kwetu sisi Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Hakuna ugomvi, ila wasitazamane tu. Ukimtazama mkwe, macho yanakufa, au akili inaruka, inategemea unamuuliza nani. Ndiyo maana mama huvaa njuga ya fedha kwenye mshipi, ili Harrison, huyo fundi wetu, mume wa dada yangu Ervina, asikie mapema akimbie. Na Harrison kwa kukimbia hajambo.

Mama akatua sufuria ya nyama ya kondoo na mikate ya kukaanga juu ya mbao, akalipa pipa mgongo.

"Mwambie huyo apigiliaye misumari," akaniambia, "mbavu ni zake. Ninyi wengine kuleni shingo."

"Mwambie mzee wetu ahsante," pipa likajibu. "Ila asibebe sufuria nzito, atume mtu."

"Mwambie sijazeeka."

"Mwambie sijasema kazeeka."

Nami katikati, nageuza shingo kama bundi. Nilisomea uhandisi Flagstaff, masomo yakaishia njiani, na kazi niliyopata ndiyo hiyo: mkalimani wa watu wawili wanaojua lugha moja.

Basi sisi vibarua tukajifunza. Jua likituchoma, mmoja anatikisa funguo za gari mfukoni, zilie kama njuga. Harrison huyo, juu ya ngazi, nyuma ya mchanga, chini ya lori. Anarudi kavaa utando wa buibui, sisi tumeshakunywa kahawa.

"Shemeji," alinifokea siku moja, "nitakuchimbia msingi humu humu!"

"Nichimbie, shemeji. Ila kwanza toa kichwa kwenye gunia la saruji."

Utani kando, kanisa hilo lilikuwa na jambo lake. La zamani liliangushwa na theluji. Ervina na Harrison walikaa miaka wakiomba mtoto, hawapati, mpaka watu wakaacha kuuliza. Halafu akazaliwa Yanibah. Mama akaapa atamshika mjukuu wake mwenyewe siku ya kumwagiwa maji. Harrison naye akaapa mtoto hatabatizwa kwenye kanisa la kuazima. Atajenga yeye, na siku hiyo atakuwepo aone. Viapo viwili, misa moja, chumba kimoja. Na kwa kuwa waumini tulikubaliana kanisa liwe kama nyumba zetu za asili, pande nane na mlango mmoja unaotazama mashariki, hapakuwa na pa kumfichia hata kuku.

Padri akaona atusaidie. Asubuhi moja tulimkuta kachora mlango kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kaskazini.

Nyundo zikawekwa chini, moja baada ya nyingine.

"Padri," Harrison akauliza kwa sauti ndogo, "kafa nani?"

"Hajafa mtu! Ni mlango wa pili. Wewe upite huku, mkweo apite kule."

"Ukuta wa kaskazini tunautoboa mtu akifia ndani. Maiti inatolewa hapo, na nyumba inaachwa, haikanyagwi tena. Ukitoboa hapo, Padri, umejenga kaburi lenye mabenchi."

Watu walikuwa wameshaanza kuwasha magari. Padri alishinda siku nzima anasugua ile rangi kwa mafuta ya taa, na hata hivyo mzee mmoja alikataa kurudi mpaka aonje kwanza ile nyama ya mama.

Mama ndiye aliyepata dawa. Alikuja na njuga yake, Harrison akalala kifudifudi juu ya paa, mazungumzo yakaanza.

"Mwambie nitafuma zulia. Litundikwe katikati. Yeye kusini na wanaume, mimi kaskazini na wanawake, Padri kule mbele. Mimi nitamtokeza mtoto pembeni ya zulia, naye atamwona."

"Mwambie na mikono yake je? Si nitaiona?"

"Mwambie mikono haina macho."

"Mwambie sawa. Na kulitundika nitalitundika mwenyewe, halianguki hata likivutwa na farasi."

Mama akafuma kiangazi chote. Lilitoka zulia la rangi ya udongo na mawingu, zito kama ndama.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka watoto wakakalia magoti ya watu wasiowajua. Lori lililokuwa linaleta vyombo vya altareni lilikwama kwenye tope, kwa hiyo Padri hakuwa na kengele. Mama akafungua njuga kiunoni, akampa. "Leo nakaa sehemu moja, siihitaji." Padri akanikabidhi mimi: akianza kumwaga maji, niilize, watu wajue. Harrison alikuwa juu anakaza bomba la jiko. Kumwambia, hakuna aliyekumbuka.

Mambo yakaenda vizuri mno. Harrison kusini, kofia kifuani, shingo kairefusha. Mikono ya mama ikatokea pembeni ya zulia, imemshika Yanibah. Padri akachota maji. Nikaliza njuga.

Harrison hakufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Alifumba macho, akageuka, akatimka. Alikuwa amejenga mlango mmoja tu kwa mikono yake, na huo mmoja akaukosa. Alilivaa zulia kifua mbele, misumari isiyong'olewa na farasi ikang'oka, zulia zima likashuka juu ya mama.

Chini ya zulia palikuwa na kilima, na kwenye kilima imetoka mikono miwili, na juu ya mikono mtoto, mkavu, anashangaa.

"Usifumbue, shemeji!" nikapiga kelele.

"Sifumbui! Mtoto yuko wapi?"

"Yuko juu!" zulia likajibu. "Mwambieni Padri amwage, mikono inachoka!"

Padri akamwaga. Yanibah akalia kilio ambacho farasi wa nje walikiitikia. Harrison amesimama, macho kayafumba, machozi yanapenya hivyo hivyo. Kilima nacho kikawa kinatikisika.

"Mwambie huyo," zulia likasema baadaye, "kajenga vizuri. Sakafu haina baridi."

"Mwambie," Harrison akasema, "zulia lake... halijachanika."

"Muulize, yeye kaona mtoto akimwagiwa?"

"Sijaona kitu. Muulize, yeye je?"

"Nimeona sufi." Kilima kikageukia altare. "Mwambieni Padri arudie."

"Mama, ubatizo haurudiwi," Padri akasema.

Mama akamrudisha mtoto kwa Ervina kwa kupapasa, akajifunga zulia vizuri kichwani, kama mtu aliyeamua kukaa.

"Basi mwambieni wazae mwingine. Na siku hiyo zulia hili lisogezwe mbali na mlango."