Mrututu Bila Magadi

Miaka ile bei ya sukari ilipopanda, watu wa Mayoni walipanda miwa hadi mlangoni mwa choo. Kampuni ya sukari ilileta matrekta yake ikalima, ikaleta mbegu yake ikapanda, ikaleta mbolea yake ikatia. Mwenye shamba alisimama kando, mikono mgongoni, kama mgeni kwenye ardhi ya babu yake. Mahindi yaling'olewa. Mihogo iling'olewa. Mtama ukawa kitu cha kununua kwa wanawake wa Matete waliokuja nao sokoni kwenye magunia. Magazeti yalipiga picha mabati mapya yaliyong'aa vilimani, yakaandika kwamba neema imeshuka mkoani Magharibi. Hakuna hata moja lililoingia chini ya mabati hayo likafunua sufuria.

Leo wapo wanaosema ule ulikuwa wakati mzuri. Hao hawakulala njaa huku miwa ikipigapiga dirisha.

Milcah alilala hivyo. Alikuwa binti mkubwa wa Makhanu, mkulima wa miwa, na mkewe Zipporah, na alikuwa na kichwa ambacho shule ya kwao haikuzoea kukiona. Kampuni ilipotangaza kwamba itasomesha vijana wachache kwenye chuo kimoja mjini Kakamega ili waje kufanya kazi katika maabara ya kiwanda, yeye alichaguliwa wa kwanza. Masharti yalikuwa mafupi. Anayepita kemia ya kaboni anaajiriwa. Anayeanguka anarudi kwao, na kwao maana yake panga la kukatia miwa, au mume.

Somo hilo wanafunzi waliliita Ogani, na walilitaja kama watu wanavyomtaja mchawi wa jirani, kwa sauti ya chini na macho mlangoni. Mwalimu wake alikuwa Shitanda, mtu mwembamba wa koti moja la kijivu mwaka mzima.

“Mmefika hapa kwa kukariri,” aliwaambia siku ya kwanza. “Hii haikaririwi. Hii hufuatwa, kama unavyofuata ng'ombe aliyepotea. Unatazama unyayo, halafu unyayo unaofuata. Ukiruka mmoja, umeshaingia shamba la watu.”

Milcah aliruka. Jaribio la kwanza alianguka vibaya, na Shitanda akasoma alama mbele ya wote.

“Binti wa Kampuni,” alisema, “kumbe Kampuni nayo hununua hasara?”

Darasa lilicheka. Milcah hakulia. Jioni ile alikwenda nyuma ya bweni, akachuma mapera machanga, akavunja njiti za fagio, akakaa chini. Kila pera alilifanya kaboni, akalichoma njiti nne, kwa sababu kaboni ina mikono minne na haikubali kubaki na hata mmoja mtupu. Haidrojeni zilikuwa punje za mahindi ya kuchemsha. Hizo zilitoka kwa Priscah, mwenzake wa chumba, ambaye kwao Likuyani walilima mahindi kwenye shamba lililokuwa la mzungu.

“Wee, rudisha hiyo,” Milcah alimwambia. “Hiyo ni haidrojeni.”

“Haidrojeni imeiva,” Priscah alijibu akitafuna. “Nyinyi watu wa miwa mna mambo. Mkiona mahindi mnafanya sayansi. Sisi tunakulanga tu.”

Milcah alicheka, lakini lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Akaendelea kuchoma njiti. Wiki baada ya wiki alijenga, akabomoa, akajenga tena, mpaka mikono yake ikajua kabla ya kichwa. Mwisho akajenga sukari ya muwa yenyewe. Lilikuwa dude la kujaza kitanda, sukari mbili ndogo zilizoshikana mkono mmoja. Akalibeba kwenye sinia mpaka maabara. Shitanda alilizunguka mara mbili, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

“Sasa sikiliza,” alisema. “Hizi mbili zikiwa zimeshikana hivi, hazina mkono wa kushika kitu kingine. Chemsha na dawa yetu ya bluu, mrututu na magadi, haibadiliki. Ziachanishe,” akavuta, mapera yakaachana, “na mkono uko wazi. Unanyakua shaba ya mrututu, na dawa inageuka nyekundu ya tofali. Nini huziachanisha?”

“Asidi, mwalimu.”

“Asidi. Na kungoja. Muwa uliokatwa ukakaa juani hujivunja wenyewe. Na usisahau magadi. Mrututu bila magadi utauchemsha mpaka Krismasi, utabaki bluu.”

Jaribio la pili Milcah aliongoza.

Aliporudi nyumbani likizo ya Aprili alikuta baba yake amekonda. Kampuni ilikuwa imeamuru miwa ya Makhanu ikatwe, ikakatwa, ikapakiwa. Halafu ikasimama wiki nzima katika uwanja wa kiwanda, kwa sababu Kampuni iliandikisha mashamba mengi kuliko mashine zake zilivyoweza kusaga. Zamu ilipofika, Makhanu akaambiwa miwa yake haina sukari na haikuwa nayo tangu shambani. Hakuwa peke yake. Mayoni nzima iliambiwa hivyo, boma kwa boma. Watu waliokatazwa kupanda chakula sasa waliambiwa hawajui kupanda miwa.

Hata hivyo kuku alichinjwa kwa ajili ya msomi. Ilikuwa ingokho yenye mchuzi mwingi, na obusuma, ugali wa unga wa kununua. Firigisi ilikwenda kwa Makhanu, kama inavyokwenda kwa mwenye boma katika kila nyumba ya huko. Mwanamke hata haiulizii.

“Baba, nami siku moja nionje,” Milcah alitania.

“Ota ndevu kwanza,” Makhanu alisema, na nyumba nzima ikacheka. Kisha akaweka sahani chini. “Mimi natafunanga muwa tangu nipate meno. Ule muwa ulitoka hapa ukiwa mtamu. Sasa, mukhana wanje, binti yangu, hiyo kemia yako inaweza kuonyesha huo utamu ulipotelea wapi?”

“Inaweza, baba.”

“Basi pita.”

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi alipewa chupa tano zisizo na majina, atambue kilichomo. Chupa ya nne ilikuwa juisi ya miwa iliyosafishwa, imeletwa kutoka kiwandani na Wanjala, mkemia mkuu wa Kampuni, ambaye alikaa mbele amekunja miguu kama bwana harusi. Kila mtu alijua jibu lililotakiwa: sukari ya muwa, dawa ya bluu haibadiliki. Priscah aliliandika bila hata kuwasha moto.

Milcah aliwasha. Dawa ikawa kijani, ikawa manjano, ikatulia nyekundu ya tofali. Akaosha chupa, akarudia. Nyekundu. Akasimama akiitazama, na alichokiona mle ndani ni trela la miwa ya baba yake, limesimama uwanjani, jua linapiga. Akaandika: *Imegeuka nyekundu. Sukari ilishavunjika kabla ya kusagwa.*

Shitanda alikuja nyuma yake.

“Chupa ya nne, Milcah.”

“Ni nyekundu, mwalimu. Tazama.”

“Naiona, nina macho.” Alinong'ona bila kufungua midomo. “Juisi hii imetoka kwenye mashine zao leo asubuhi. Ukiandika nyekundu, umeandika kwamba wanaiozesha miwa ya watu uwanjani mwao. Yule aliyekaa pale anasahihisha pamoja nami. Na gesi hii unayochemshia ni yake.”

“Mwalimu, ulisema tufuate nyayo.”

“Nilisema. Sasa nakwambia ruka.”

Milcah alimtazama Wanjala. Akatazama chupa. Akajiambia, nipite kwanza, nikishaingia ndani nitasema. Hivyo ndivyo walivyojiambia wote walioingia ndani, kila mmoja, na tunawajua kwa majina na kwa maboma yao. Alipiga mstari juu ya maneno yake, akaandika: *Haikubadilika.*

Alipita. Alikuwa wa kwanza katika chuo kizima. Shitanda alisoma jina lake akiangalia dirishani.

Basi akavaa koti jeupe la maabara ya kiwanda. Miezi ilipita na hakusema, maana kila wiki ilikuwa na sababu yake. Lakini Mayoni walikuwa wamechoka kungoja. Waliyazuia matrekta barabarani, wakasema hakuna atakayepanda tena mpaka waonyeshwe kosa liko wapi. Kampuni ikakubali mkutano katika uwanja wa shule, juisi ipimwe mbele ya watu wote. Makhanu ndiye aliyesimama akapendekeza mpimaji.

“Mtoto wangu yuko mle ndani,” aliwaambia wenzake. “Amesomea kitu hicho hicho. Akisema nyekundu, miwa imeozea kiwandani, Kampuni ikiri kosa. Akisema bluu, kosa ni letu, tunafunga midomo na kupanda.”

Watu wakaapa hivyo.

Siku moja kabla ya mkutano Wanjala alimwita ofisini, akaweka chupa ya dawa mezani.

“Utatumia hii.”

Rangi ilikuwa ile ile. Milcah alitia tone kati ya vidole, akasugua. Haikuteleza.

“Haina magadi, bosi.”

“Ina rangi.”

“Baba yangu atakuwa pale.”

“Najua. Ndiye aliyekuomba.” Wanjala alisema hayo taratibu, karibu kwa huruma. “Chupa ya nne uliandika nini?”

Milcah aliifunga chupa kizibo.

“Uliandika haikubadilika. Juisi ya uwanja ule ule. Kesho ukiwaambia nyekundu, nami nitasimama niwasomee karatasi yako ya mtihani. Watakuuliza, binti, ulidanganya siku ile au unadanganya leo? Utawajibu nini? Utatoka pale huna kazi, huna cheti, na mzee wako ana mtoto mwongo.”

Uwanja ulijaa. Wakata miwa walikuja na mapanga yao, akina mama walikuja na watoto mgongoni. Juu ya meza ya shule ziliwekwa juisi mbili. Moja ilikamuliwa kwenye miwa aliyoikata Makhanu asubuhi ile, nyingine kwenye miwa iliyolala uwanjani mwa kiwanda. Milcah alimimina dawa.

“Huyo ni mtoto wa Kampuni siku hizi!” alipaza sauti Phanuel, jirani yao wa ng'ambo ya mto. “Tazameni koti lake!”

Makhanu aligeuka. “Phanuel, huyo nimemzaa mimi. Koti litafuliwa. Funga mdomo tuone.”

Maji yalichemka. Watu wa nyuma walipanda juu ya mawe. Juisi ya shambani ilibaki bluu, na ya kiwandani ikabaki bluu. Milcah aliacha moto uwake zaidi ya ilivyohitajika, kama mtu anayetumaini kitu chenyewe kitamsaliti. Ikabaki bluu.

“Haikubadilika,” alisema.

Makhanu alikuja mezani. Aliinama, akazitazama chupa kama mtu anavyotazama uso wa marehemu kabla jeneza halijafungwa.

“Ndiyo hivyo?”

“Ndiyo hivyo, baba.”

Mzee alisimama wima. Akalamba midomo, kama anayetafuta ladha aliyokuwa nayo muda mfupi uliopita. Kisha akawageukia watu.

“Mmesikia. Tuliapa. Twendeni nyumbani.”

Na wakaenda. Watu wote wale wenye mapanga walikwenda nyumbani kwa sababu ya maji ya rangi. Jumatatu matrekta yaliingia mashambani, na safari hii yalilima hadi ukutani mwa jikoni, mahali ambapo Zipporah alikuwa amebakiza mboga.

Jumapili iliyofuata baba alimwita Milcah nyumbani. Alikwenda akiwa ameshaamua kuusema ukweli wote, mlangoni, kabla hajakaa. Alikuta kuku amechinjwa, nalo lilikuwa tetea la mwisho la mama yake. Alifungua mdomo, lakini Makhanu alimtangulia.

“Kaa. Leo nasema mimi.” Sauti yake ilikuwa imepasuka. “Watu wananicheka huko njiani. Waache wacheke. Miwa yangu ilikuwa mibaya, basi, ilikuwa mibaya, ulimi wangu umezeeka. Lakini nimezaa mtu. Angeweza kunidanganya ili anifurahishe, mbele ya kijiji kizima. Hakunidanganya. Alisema ukweli hata ukanivua nguo mimi baba yake. Ni nani mwingine hapa Mayoni ana mtoto kama huyo?”

Akachukua firigisi kutoka sahani yake, akaiweka kwenye sahani ya Milcah. Mkono wa Zipporah ulisimama juu ya chungu. Wadogo zake Milcah waliacha kutafuna.

“Baba, hiyo ni yako.”

“Ndevu utaota baadaye,” Makhanu alisema, akacheka peke yake. “Kula, mukhana wanje.”

Milcah aliitia mdomoni. Firigisi ni nyama ngumu. Alitafuna, akatafuna, na baba yake akakaa akimngoja ameze ndipo naye aanze kula.