Mafuta ya Transfoma

Amira alikuwa akikaanga mandazi barazani kwake mtaani Bwiza, mtoto mgongoni, pale karai lilipobaki na mafuta ya kulamba tu. Ulikuwa mwaka wa pili wa vikwazo vya biashara. Mawese yalikuwa yamepotea sokoni, na mafuta ya chupa usiyaulize.

Hamissi mumewe, fundi wa magari, ndiye aliyekumbuka transfoma. Risasi ilikuwa imeitoboa, watu wa umeme wakaishusha nguzoni na kuiacha mtaroni nyuma ya nyumba, eti watairudia. Walikuwa hawajairudia. Ubavuni ilichorwa fuvu la kichwa, na mtaa mzima uliielewa alama ile: umeme unaua. Lakini nyaya zilishakatwa, sasa umeme utoke wapi? Hamissi akafungua kizibo cha chini, akakinga ndoo. Mafuta yalitoka maangavu, na motoni hayakutoa moshi. Mandazi yakaiva vizuri. Watu wakanunua, na Amira akala yaliyobaki, kila siku, maana alikuwa ananyonyesha.

Waridi, binti yao huyo wa mgongoni, alianza kuwaka mwezi wa Ramadhani. Mwanzoni ilikuwa tumboni tu, kisha mwili mzima, mwanga mweupe kama wa taa ya dukani. Akinyonya unaongezeka, akikaa na njaa unafifia. Majirani waliokosa mafuta ya taa wakawa wanakuja kuchambua mchele pembeni yake, wanashukuru, wanaondoka. Hilo halikumsumbua Amira. Kilichomtia hofu, hofu ya kweli ya kumnyima usingizi, ni kwamba kucha za mtoto zilikuwa zimegeuka nyeusi, na shingo ilikuwa haijakaza wakati wenzake wanaketi.

Jioni moja akampeleka zahanati. Umeme ulikuwa umekatika tena. Muuguzi Dative alizitazama kucha kwa mwanga wa mtoto mwenyewe, akauliza mama anakula nini. Amira akamweleza yote. Dative alisema aliwahi kusikia kwamba mafuta yale hayaguswi hata kwa mkono, hufungwa mapipani na kupelekwa ng'ambo yakachomwe kwenye tanuri maalumu. Ila nani ayapeleke siku hizi, na kwa njia gani, hakujua. Amira alichanganyikiwa. Kwani fuvu lile si la umeme, na nyaya si zilishakatwa?

"Dada, nimunyonyeshe ao niache?"

"Mi ningesema acha," Dative alijibu. "Lakini maziwa ya kopo haiko mu muji muzima. Ukiacha, atakula nini? Mi sijui, Mama Waridi. Kweli sijui."

Hapo akaingizwa mama mwenye uchungu, na mishumaa ya zahanati ilikuwa imekwisha. Dative akamwomba Amira mtoto kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Wakamlaza Waridi juu ya meza, karibu na kitanda. Akazaliwa mvulana mzima, kitovu kikakatwa, mama akashonwa. Dative akashukuru, akanawa mikono.

Waridi alikuwa amefifia sana. Amira akamfunga mgongoni kwa kitenge ili wawahi nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Alikuwa ameshaamua: ziwa basi, atajaribu uji.

"Munyonyeshe kidogo, Mama Waridi," Dative alisema. "Kuko mama mwingine analetwa."

Amira alisimama mlangoni, machozi yanamtoka. Mwanamke huyo alikuwa akishikwa mkono kupanda ngazi, akiguna, akipapasa ukuta gizani. Amira akarudi akaketi, akafungua blauzi, na chumba kikaanza kung'aa tena.