Pembe Iliyolia Chini ya Kinamasi

Usiku wa jana niliota nimechelewa msaragambo, na kwetu Upare hilo si jambo la kuchekea. Pembe ikilia, kila kaya hutoka na jembe kwenda kuzibua mifereji ya kijiji; ukichelewa, unatozwa faini. Mimi Namkunda sijawahi kuchelewa. Muulize yeyote.

Pembe inalia. Natoka jikoni mbio, nafika njia panda, natazama mkononi: nimeshika mwiko wa ugali. Na pembe yenyewe inalia kutoka chini ya kinamasi.

Kinamasi hicho kimeninyima amani wiki nzima. Leo asubuhi kijiji kinakaa kuamua kama kikaushwe, palimwe nyanya. Shemeji yangu Mbonea anasema ni pori tu, halijawahi kutunzwa na mtu. Kikikauka, chemchemi inayonywesha mashamba ya chini inakufa, na langu limo. Nilijua anakosea, ila sikuwa na cha kumwonyesha.

Chura amesimama penye mafunjo, amevaa koti la mvua.

"Umekuja na nini, mama?"

"Mwiko."

"Mwiko hauchimbi. Songa."

Basi nasonga tope kama ugali wa msibani, na kila nikisonga nazama ghorofa moja. Kwenye ya kwanza wamekaa mahindi, wanajisifu kuwa wao ndio wenyeji.

"Wenyeji gani, mmefika juzi," linawajibu tope la chini yao.

Nasonga. Hapa udongo ni mwekundu.

"Huu ni wenu," tope linaniambia. "Babu zenu walifyeka mlima, mvua ikaushusha wote kwangu. Nusura nikabwe. Niliponea ukanda wa mafunjo."

Naona aibu, nasema samahani. "Ukanda upi?"

"Samahani imepokelewa. Songa, utaambiwa."

Ghorofa inayofuata ni kavu, na ghafla niko sebuleni kwa shemeji. Kwenye kochi amekaa Kiangazi, mzee mwembamba mwenye magaga, anakunywa chai.

"Nilikaa hapa mpaka vyura wakahamia ndani ya vyungu," anasema bila haraka. "Kinamasi hiki ningekimaliza. Bibi zenu wakanikatalia."

"Walikukatalia vipi?"

"Walilima ulezi pembeni, katikati wakaacha ukanda wa mafunjo. Aliyekata funjo moja hakula mpaka apande jingine. Nilimwona mwanamke ana mtoto mgongoni, njaa inamuuma, anapanda funjo kwanza. Mimi na ukali wangu wote nikainuka nikaenda zangu."

"Ni kweli," anaitikia Masika kutoka jikoni, mama mnene aliyelowa. "Mimi nilileta maji tu. Kuyatunza walitunza wao."

Nalia. Nalia kwa fahari, maana hao ni watu wangu, na hakuna aliyewahi kunisimulia. Machozi yanajaa sebuleni, kochi linaelea na Kiangazi wake. Mbonea anatokea mlangoni, maji yamemfika kifuani.

"Shemeji, hili ni pori," anasema.

"Shemeji, umesimama kwenye kazi ya bibi zetu, wako na wangu."

Anatazama chini, anavua viatu.

Chura anagonga meza. "Sasa faini ya mchelewaji."

"Dengelua?" nauliza, maana faini kwetu ilikuwa pombe ya miwa.

"Hatunywi siku hizi, tumeokoka. Utayasema haya mkutanoni, umesimama, na usikike mpaka nyuma."

Nikaamka. Kumekucha, na pembe inalia kweli, inaita watu mkutanoni. Nikaingia jikoni kuwasha moto. Mwiko niliouosha jana kwa mikono yangu ulikuwa mweusi wa tope hadi mpinini, na kwenye tope hilo ilikuwa imenasa punje moja ya ulezi. Kijijini kwetu hakuna aliyepanda ulezi tangu mama yangu akiwa msichana.

Uji ungesubiri. Sikuuosha mwiko. Nikajifunga khanga, nikaushika vilevile, nikatoka.

Nilifika wa kwanza. Shemeji Mbonea alipoingia, alinikuta nimesimama.