Pazia la Bi Siwema

Mektilda alipopunguzwa kazini mwaka wa tisini na tatu, alikuwa amepiga chapa barua za shirika la umma kwa miaka kumi na moja. Shirika liliuzwa, mashine za chapa zikauzwa, na yeye akabaki na Kiingereza chake. Hicho ndicho kilichompa kazi kwa Ronak, kijana wa Upanga aliyefungua kampuni ya kutembeza watalii. Wenzake Ronak walikimbilia mbuga. Yeye aligundua kuwa wapo wazungu waliochoka kuwatazama simba, wanaotaka kuona watu wanavyoishi.

Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi Mektilda aliwapitisha wageni Kariakoo: sokoni, mitaa ya vitambaa, mwisho nyumba ya Kiswahili ya Mtaa wa Mahiwa, ili waone uani wanawake wakipika na kufua. Mwenye nyumba aliafikiana na Ronak. Wapangaji hawakuulizwa. Na Mektilda mwenyewe alikuwa mpangaji humo, chumba cha tatu kushoto.

Chumba kilichotazamana na chake kilikuwa cha Bi Siwema. Mwezi wa tano mumewe alifariki, naye akakaa eda. Asitoke, asionekane na mwanamume asiye wa kwao, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Mektilda alikuwa Mkatoliki wa Kilimanjaro, lakini miaka yote ya kuishi na Waislamu ukumbi mmoja ilikuwa imemfundisha. Alimwendea Ronak.

"Ile nyumba tuiache kwanza. Kuna msiba."

"Dada Mektilda, ratiba imeshachapwa," Ronak akasema. "Wapitishe harakaharaka tu. Watajuaje?"

Akakubali. Baadaye hilo ndilo lililomnyima usingizi, kwamba alikubali upesi vile.

Alhamisi hiyo aliingia na wageni sita. Akapiga hodi kwa sauti kubwa kuliko kawaida, akawaongoza mbio hadi uani, akaanza kueleza habari za mbuzi ya nazi. Alipowahesabu, walikuwa watano. Akarudi ukumbini. Yule wa sita, bwana mrefu mwenye kofia, alikuwa ameinua pazia la Bi Siwema kwa mkono mmoja. Kamera ikalia.

Ndani, Bi Siwema alikuwa ameketi juu ya mkeka, kichwa wazi, akichana nywele. Alivuta kanga taratibu akajifunika uso mzima.

"Mektilda," akasema kutoka ndani ya kanga, "ni wewe umewaleta?"

"Ni mimi, Bi Siwema."

Akawatoa wageni, akawarudisha hotelini, miguu ikimwenda mbele ya akili. Alipanda basi kurudi Kariakoo, akashuka kabla halijaondoka. Akarudi hotelini kudai filamu ya ile kamera. Mhudumu wa mapokezi akamwambia yule bwana amekwenda bandarini, boti ya Zanzibar. Mektilda akatembea kwa miguu hadi bandarini, jua la saa nane kichwani. Boti ilikuwa imeshaondoka.

Jioni alikwenda kupiga magoti mlangoni kwa Bi Siwema, nje ya pazia.

"Shikamoo, Bi Siwema. Nimeikosa ile filamu."

"Marahaba. Sasa nitakuwa nimebandikwa ukutani kwa mtu nisiyemjua, na kichwa wazi. Nenda kapumzike, mwanangu. Umechoka."

Laiti angemtukana. Siku nne Mektilda hakutulia. Alifua nguo safi, akafagia pasipo na taka, akikaa anasimama. Wapangaji walimjibu salamu, lakini mazungumzo yalikatika kila alipotokea uani.

Jumanne alipewa wageni watano. Hakuwapeleka Mahiwa. Aliwapeleka Upanga, ghorofa ya pili, nyumbani kwa Ronak, alikoishi na bibi yake Jasvanti na ambako sebule ndiyo iliyokuwa ofisi. "Leo mtaona maisha ya familia," aliwaambia njiani. Alitaka tu Ronak aonje.

Mlango ulikuwa nusu wazi. Kwa upenyo akamwona Bibi Jasvanti sakafuni, nywele zake nyeupe zimefumuliwa, anapaka mafuta. Mgeni mmoja nyuma yake alikuwa anafungua mkoba wa kamera. Mektilda akauvuta mlango kwa mikono miwili.

"Tushuke," akawaambia. "Hatujakaribishwa."

Ronak akatoka, uso umemwiva. "Umewaleta kwangu? Umenidhalilisha nyumbani kwangu?"

"Wewe ulinidhalilisha kwangu," Mektilda akasema, "na mimi mshahara nikapokea."

Bibi Jasvanti akauliza kutoka ndani kuna nini. Mektilda akamwamkia, akaomba radhi, akamsimulia yote kuhusu Bi Siwema bila kujipunguzia lawama. Bibi alisikiliza akisuka nywele.

"Mume wangu alipofariki," akasema, "hata muuza maziwa niliagiza aache chupa nje." Kisha akamwambia mjukuu wake maneno machache ya Kigujarati. Mektilda hakuyaelewa. Ronak aliinamisha kichwa.

Nyumba ikaondolewa kwenye ratiba. Mektilda naye akaondolewa kazini mwezi mzima, akawa anauza karanga za kukaanga nje ya nyumba. Aliyelalamika kuliko wote ni Paskalina, mpangaji mkaanga vitumbua. "Mmefuta wageni bila kuniuliza," akasema. "Mara ya pili hatuulizwi. Vitumbua vyangu walikuwa wananunua."

Alikuwa na haki. Wapangaji wakakaa kikao uani, wakipaza sauti ili Bi Siwema asikie na ajibu kutoka chumbani. Wakabishana mpaka adhuhuri. Wakapatana: wageni waishie barazani, anayetaka kukaa nao akae, kamera isifunguliwe kabla ya kuomba, na asubuhi ya kila siku ya wageni nyumba iulizwe upya. Mektilda akayaandika kwa mkono. Ronak alisoma mara mbili, akasema biashara gani hiyo, akatia sahihi.

Eda ilipokwisha, Bi Siwema alitoka, akapita sokoni, akarudi na ndizi. Alimpa Mektilda mbili. Hakumkaribisha ndani kama zamani.

Siku nyingine nyumba nzima husema leo hapana. Mmoja anaumwa, mwingine hana moyo wa kutazamwa. Wageni hukunja nyuso, huuliza kwa nini. Mektilda huwajibu kwamba wenyewe hawapendi leo, kisha hutangulia kwa haraka kuelekea sokoni, akigeuka kila hatua chache kuwahesabu.