Daftari la Bi Swichi
Bi Swichi hakuwa mtu wa kushuku watu ovyo. Akikushuku, jua ana sababu, na safari hii sababu zake zilikuwa zimeandikwa daftarini, siku kwa siku, kwa kalamu nyekundu.

Yeye alikuwa fundi wa taa za jukwaa. Ukumbi ulikuwa umenunua dima mpya zisizotumia waya, vile visanduku vya kupandisha na kufifisha mwanga. Bi Swichi alikaa mezani kwake nyuma kabisa ya viti vya watazamaji, transmita, kifaa chake cha mkononi, ikarusha amri hewani, na dima zilizofungwa nyuma ya pazia zikatii. Jumatatu, katikati ya mazoezi, zikagoma kutii na taa zikaanza kupepesa kama jicho lenye vumbi. Akakuta antena imelegea, akaikaza.

Lakini jamani, antena hulegea yenyewe? Na anayeshinda nyuma ya pazia na maikrofoni zake ni nani, kama si fundi sauti? Huyo fundi sauti ni mume wa dada yake, tena ndiye aliyemwombea kazi hapo ukumbini. Mwezi uliopita alisema mbele za watu kwamba waya ni waya, haya mambo ya hewani ni kubahatisha. Kikulacho ki nguoni mwako, Bi Swichi akajiambia, na roho ikamuuma.

Siku hiyohiyo akaiondoa transmita ya akiba kwenye rafu ya nyuma ya pazia, akaitia mfukoni mwa aproni pamoja na bisibisi zake. Shemeji asije akaichezea nayo. Kisha akaanza kuandika.

Jumanne: shemeji kaenda nyuma ya pazia, nimemfuata, taa zimecheza. Jumatano: vilevile, mara mbili. Alhamisi: mara tatu. Tena kaniuliza, "Shemeji, umebeba nini mfukoni?" Anaitafuta transmita, mjanja huyu.

Ijumaa asubuhi meneja wa ukumbi aliwakusanya wote. "Onyesho ni kesho saa tisa mchana. Mwenye kosa la hizi taa ataondoka leo, na sijali ni nani."

Bi Swichi akampa daftari. Meneja akalisoma, akamtazama fundi sauti.

"Atoke nje kwanza," Bi Swichi akasema, "halafu tujaribu."

Shemeji aliutupia jicho mfuko wa aproni yake. "Sawa, shemeji," akasema, akachukua koti lake.

Wakapitisha mchezo mzima, Bi Swichi mezani kwake. Taa zikatulia tuli. Meneja hakusubiri zaidi. Alimpigia simu fundi sauti na kumwambia asirudi.

Bi Swichi alitarajia kufurahi, lakini moyo ulikuwa mzito. Huyo ni baba wa watoto wa dada yake. Angalau amkunjie waya zake vizuri, akawaza, akaenda nyuma ya pazia.

Taa zikacheza.

Akasimama. Akarudi nyuma hatua kumi, zikatulia. Akasogea tena, zikacheza. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Transmita ilikuwa ya moto. Kitufe kilikuwa kimekandamizwa na bisibisi, na kijitaa chake cha kijani kinawaka. Akiwa mbali ilikuwa haina neno; akikaribia dima, zilikuwa zinasikia amri za mabwana wawili. Kila alipomfuata shemeji, alikuwa ameipeleka yeye mwenyewe.

Akaizima. Hakuna aliyemwona.

"Nini tena huko?" meneja akauliza kutoka vitini.

Neno "antena" lilikuwa tayari mdomoni. Angelisema, na mambo yangeishia hapo. Lakini alikumbuka lile swali la Alhamisi. Shemeji alimuuliza kwa upole, naye akamkunjia uso.

Akateremka, akaiweka transmita mapajani mwa meneja, juu ya daftari. "Niliyoandika humo ni kweli. Ila aliyekuwa na kosa ni mimi. Ilikuwa inawaka mfukoni mwangu wiki nzima."

"Unakumbuka nilichosema asubuhi?"

"Nakumbuka. Mrudishe yeye. Taa anaziweza."

Alitoka hadi ngazi za mlangoni, akapiga simu. Ikapokelewa. Magari yalisikika, na pumzi za mtu anayetembea.

"Shemeji," akasema.

"Umeangalia mfukoni?"

Bi Swichi akaketi pale pale ngazini. Alikuwa anajua, basi. Alijua tangu Alhamisi. "Kwa nini hukumwambia meneja?"

"Si alisema mwenye kosa anaondoka," shemeji akajibu. "Ningerudi kwa dada yako na uso gani?"