Woodley Ndio Mwisho

Saa nne Kavata akamgeuza mama mzazi wa Bwana Kiragu, akamsugua mgongo mafuta, akampachika mto katikati ya magoti. Bibi alikuwa amepooza, mwaka wa pili huu, na kila baada ya saa mbili ilikuwa lazima ageuzwe. Kazi hiyo ndiyo iliyomleta Kavata Kitisuru siku sita kwa juma.

Nesi Lornah, aliyeletwa na gari la ofisi ya manesi wa nyumbani kila Jumanne, alikuwa anafunga mkoba.

"Sista," Kavata akasema, "mume wangu pia ni wa kulala tu. Alianguka toka ghorofa ya nne wakijenga huko mjini. Sasa nyonga imefanya kidonda, inanuka."

"Mnakaa wapi?"

"Dagoretti, karibu na kichinjio."

Lornah akamalizia kufunga mkoba. "Huko situmwi. Jaribu ofisini, uliza Hezekiah."

Alasiri Kavata akaomba ruhusa, akaenda mjini na barua ya hospitali. Karani Hezekiah aliisoma barua mpaka sahihi, kisha akageukia ramani ukutani. Kitisuru ilipakwa kijani, Woodley manjano. Kutoka hapo kwenda Dagoretti karatasi ilibaki nyeupe.

"Mama, nesi wa nyumbani mwisho wake ni Woodley."

"Lakini daktari ameandika nesi aje."

"Daktari anaandika tu. Kwenu nyumba haina namba. Dereva atafikaje?"

"Nitasimama barabarani nimngoje."

"Tena huko hatuna mgonjwa hata mmoja kwa rejista. Wangekuwako, wakubwa wangetuma gari."

"Basi andika mmoja. Makau wa Ndeti."

Hezekiah akacheka, si kwa ubaya. "Nimwandike vipi na hatufiki huko?"

Kavata akakunja barua, akashukuru. Hata hakujua anashukuru nini.

Nyumbani alimkuta Makau amelalia ubavu uleule aliomwachia alfajiri. Jirani alimnywesha chai, lakini kumgusa aliogopa.

"Wanakuja?" Makau akauliza.

"Hawaji."

Akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kilikuwa kimechimba, ndani kunaonekana kitu cheupe. Makau hakuguna, toka kiunoni kwenda chini hakusikia lolote. Kavata naye alingoja machozi yaje, hayakuja. Akamwaga maji nje, akasuuza beseni.

Jumatano hakwenda kazini. Alimgeuza mumewe saa kumi na mbili, akamgeuza saa mbili, na saa nne akawa anapasha maji gari lilipopiga honi mlangoni. Lilikuwa la Bwana Kiragu. Kisilu, dereva, akashuka akiruka matope.

"Umejuaje hapa?" Kavata akauliza.

"Si nimeuliza tu pale kichinjioni? Wote wanamjua Makau." Akachungulia ndani, akaziba pua, kisha akaona haya, akaushusha mkono. "Bibi hajageuzwa tangu jana. Madam anasema uje sasa hivi, ama usirudi tena."

Kavata akamtazama Makau. Makau alikuwa anatazama dari.

"Nenda," akasema. "Tutakula nini?"

"Kwanza ingia unishikie miguu yake," Kavata akamwambia Kisilu.

"Mimi? Nimetumwa kukuchukua, basi."

"Mimi peke yangu namburuta, kidonda kinachubuka. Ingia."

Kisilu akavua kofia ya kazi, akaiweka juu ya debe, akaingia. Wakamwinua taratibu, wakamlaza ubavu wa pili. Kavata akamfunika, akajitanda leso, akaingia kwenye gari. Ilikuwa saa nne na nusu. Angerudi saa moja jioni.