Ushahidi wa Thomasin Frett

Kwa siku tatu Winifred Tolley, msaidizi katika ofisi ya kamusi, hakutambua kwamba mwanamke aliyeketi kando ya jiko la makaa alikuwa amekufa. Alimdhania mfagiaji mpya. Alichotambua ni kwamba chai aliyommiminia ilipoa bila kuguswa, jambo lililomkera kidogo.

Siku ya nne mgeni alilegeza kitambaa cha shingoni, na alama ya kamba ikaonekana.

"Naitwa Thomasin Frett," alisema. "Nasikia mmefika herufi T."

Walikuwa wamefika kweli. Kurasa zilitakiwa kiwandani kuchapwa Jumamosi, na neno *tirrow* lilikuwa na kikaratasi kimoja tu katika kishubaka chake: nukuu ya mwaka 1612, kutoka kijitabu cha kasisi aliyemshtaki Thomasin kwa uchawi. *Akapaza sauti, Tirrow, na mwanangu akafa.*

"Si apizo, binti yangu. Mtoto akijikwaa, tulimwambia tirrow. Kumpa pole tu. Yule wa kasisi aliteleza mlangoni pangu, nikamwambia. Homa ilimchukua wiki ya pili. Mkiandika laana, mtakuwa mmeninyonga tena."

Winifred alimpeleka kwa mhariri, Dakta Pargeter, ambaye alisimama na kumpisha kiti, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Uliliandika wapi, mama?"

"Sikujua kuandika."

"Majirani je?"

"Nani pale alijua? Kasisi peke yake."

"Basi ndiye shahidi wetu," alisema Dakta kwa huruma ya kweli. "Kamusi haisikilizi, mama. Inasoma."

"Dakta," alisema Winifred, "tuyachapishe maneno yake gazetini, kisha tuyanukuu."

"Yatakuwa ya mwaka huu, Bi Tolley, na neno lilikufa zamani. Yeye mwenyewe, niwie radhi mama, ni ushahidi wa hilo."

"Huyu angefaa kuwa hakimu," alisema Thomasin, akikifunga kitambaa chake.

Winifred alibishana saa nzima, akaambulia neno moja. Maelezo yalipokamilika, alimsomea mgeni: *Kihisishi. Maana haina hakika, pengine laana.*

"Pengine," alirudia Thomasin. "Mwaka ule hata hilo sikupewa."

Jumamosi kurasa zilikwenda kiwandani hivyo hivyo. Habari zilienea makaburini, wafu wengine wakaja kutetea maneno yao, na tangu Novemba hupokewa ofisini Alhamisi tu, baada ya chai, na kila mmoja hutakiwa kuja na nukuu iliyochapwa.